USIMLAANI ALIYEKATAA KUSAINI



Leo sina neno la kubembeleza. Kuna watu wataacha kunifuata kabla hawajafika katikati, na ni sawa. Ila soma mpaka mwisho ndipo unikasirikie.

Tuna dada katika kanisa letu. Ameolewa. Mbuzi wa ntheo walipelekwa, wazee wakakubali, ndoa nikaifunga mimi mwenyewe madhabahuni, cheti cha serikali kipo. Mume wake yuko Texas na ni raia wa Marekani. Miaka mitatu sasa wanapendana kwa simu. Maombi ya kumchukua mkewe yalipita hatua ya kwanza, tukapiga vigelegele, halafu yakasimama kwenye karatasi moja: fomu ya I-864, kiapo cha kumtegemeza mgeni. Kipato cha mume hakikufika kiwango. Akaambiwa atafute mdhamini wa pili, yule ambaye watu wetu wanamwita sponsa.

Na tuna ndugu mwingine, mtoto wa Kitui, upande wa Ikutha. Alilelewa katika Sunday school yetu. Leo ni nesi Minnesota, ana mke na watoto watatu. Dada aliombwa jina, familia ikakaa, jina la huyo ndugu likatoka. Akaombwa asaini. Akakataa.

Mnajua kilichofuata, kwa sababu wengi wenu mlikuwamo. Kwenye kikundi cha WhatsApp mtu akaandika kwamba Mungu akikuinua usisahau ulikotoka. Mwingine akaleta 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyetunza walio wake ameikana imani. Mwingine akasema kuna watu roho zao zimekaushwa na baridi ya Marekani. Yule ndugu hakujibu. Saa tatu usiku akatoka kwenye kikundi. Na mama yake mzazi, mjane anayekaa ng'ambo ya Mto Athi, akaanza kupita kanisani watu wakiangalia pembeni.

Mchungaji alifanya nini? Nitawaambia. Nilimpigia simu yule kijana saa nne usiku, yeye akijiandaa kwenda shifti, nikamwambia, "Mwanangu, Mungu ameniwekea jina lako moyoni kuhusu jambo hili."

Mungu hakuwa ameniwekea jina lolote. Jina nilipewa na mama mkwe wa dada.

Akanijibu kwa heshima kabisa, "Mchungaji, hiyo fomu umeisoma?"

Nilikuwa sijaisoma. Nilikuwa nimeitolea unabii fomu ambayo sijui hata ina kurasa ngapi. Kesho yake nikaenda cyber hapa Kibwezi, nikaichapisha pamoja na maelezo yake, nikakaa nayo usiku mbili. Ninachoandika leo kinatoka kwenye usiku hizo mbili, na nimetubu kwa kilichotangulia.

Sikiliza sasa, wewe unayesema "ni sahihi tu".

Kabla ya 1996, kiapo cha namna hii kilikuwa karibu ahadi ya mdomo. Mahakama nyingi zilikiona hakina meno. Mwaka huo Bunge la Marekani likatunga sheria mpya ya uhamiaji na kukifanya mkataba. Anayesaini anaiahidi serikali kwamba huyu mgeni hataanguka chini ya asilimia 125 ya kipimo chao cha umaskini. Kwa kipimo cha 2025, nyumba ya watu wawili katika majimbo mengi ilitakiwa kuonyesha dola 26,437 kwa mwaka. Mgeni akipewa misaada fulani ya serikali ya wenye kipato kidogo, ofisi iliyotoa msaada ina haki ya kumdai aliyesaini. Na mgeni mwenyewe anaweza kumshtaki mdhamini wake mahakamani ili amtunze.

Mpaka lini? Hapo ndipo niliposimama nikanywa maji. Mpaka mgeni awe raia, au ahesabiwe robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka 10, au aondoke Marekani na kuachia ukaazi, au mmoja wao afe. Talaka haimo kwenye orodha. Nisome tena: TALAKA HAIMO. Mume na mke wakiachana mwaka wa pili, wewe uliyesaini kwa sababu mchungaji alikupigia simu usiku, bado umefungwa.

Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya shirikisho kule Chicago iliamua kesi ya mwanamke aliyeachika akimdai mume wa zamani aliyemsainia. Mume alijitetea kwamba mama huyo hatafuti kazi. Mahakama ikasema mdhamini hawezi kulikwepa deni kwa hoja hiyo. Na mdhamini wa pili anabeba mzigo uleule anaoubeba wa kwanza. Hakuna nusu yake na nusu yako. Anayedai anaweza kumfuata yeyote kati yenu kwa deni lote.

Watu wa Ukambani, hili si geni kwetu! Ni mwalimu gani hapa hajawahi kumdhamini mwenzake kwenye sacco? Mwenzake akaacha kulipa, barua ikaja, hisa za mdhamini zikakatwa, na ada ya mtoto wake wa kidato cha tatu ikaenda na maji. Mmelia ofisini kwangu juu ya mambo hayo. Hakuna aliyesema mwalimu anayekataa kudhamini mkopo ana roho kavu. Mnasema ana akili. Kwa nini basi ukivuka bahari, akili inageuka kuwa dhambi?

Nadhani ni kwa sababu tunachanganya jambo hili na mwethya. Kwenye mwethya kila mtu anakuja na jembe lake, mnachimba matuta ya shamba la mwenzenu, jua likizama mmemaliza, na kesho kutwa ni kwako. Mwethya ni jambo jema, ndilo lililozuia udongo wetu usiishie baharini. Lakini mwethya una jioni. Udhamini huu hauna jioni.

Neno la Mungu nalo limesema wazi, na wahubiri tunaliruka. Fungua Mithali 6, mistari mitano ya kwanza. Anayejiweka dhamana kwa jirani anaambiwa asilale, aende ajinyenyekeze, ajiponye kama paa mkononi mwa mwindaji. Fungua 22:26-27, uone kitanda kikivutwa chini ya mtu aliyeweka dhamana bila kuwa na cha kulipa. Fungua 11:15. Fungua 17:18. Mara nne! Nimehubiri miaka mingi, sijawahi kusikia mahubiri hata moja juu ya mistari hiyo kwenye mkutano wa watu wa ng'ambo. Ila Malaki 3 tunaisoma kila juma.

Na wewe uliyeleta 1 Timotheo 5:8 kwenye kikundi. Mstari huo unaanza na nani? Unaanza na mtu na nyumba yake. Mwenye mke ndiye wa kwanza kuulizwa. Hata serikali ya Marekani inasema hivyo: mdhamini wa pili apatikane asipatikane, mume lazima ajaze fomu yake mwenyewe, asaini, aambatanishe hesabu zake. Hakuna mlango wa kumwachia mwingine mke wako moja kwa moja. Sasa tumuulize mume kwanza.

Na hapa naomba ndugu zangu walio Texas, Georgia, Maryland na kwingine mnivumilie.

Wapo kati yenu ambao kipato hakifiki kweli. Mmefika juzi, mko shule, mnafanya kazi ya kutunza wazee kwa saa chache, mmeumia mgongo. Hao nawaonea huruma na nitarudi kwao. Lakini wapo wengine. Wapo wanaoendesha malori na teksi za programu za simu, wanaojenga nyumba ya vyumba vitano Emali, walionunua ploti mbili Makindu, lakini ritani zao za kodi zinaonyesha dola 14,000 kwa mwaka. Gharama halali ni halali, sipingi. Dizeli ni dizeli. Nazungumzia ile pesa ya mkononi ambayo haikuandikwa popote. Ulipofaili ulijifanya maskini ili usilipe. Sasa unataka mke, na maskini hawezi kuleta mke, basi unamtafuta ndugu aliyelipa kodi yake yote kwa uaminifu ili jina lake safi lifunike lako. Halafu akikataa, unamwita mchoyo.

Mizani ya uongo ni chukizo kwa Bwana, mnajua ilipoandikwa. Ritani inaweza kurekebishwa na kodi ikalipwa. Itauma. Lakini itauma kwako, mahali panapostahili.

Sasa wenzangu watumishi. Niliona bango, sitataja la nani, likitangaza usiku wa kuombea pasipoti. Kila mtu aje na pasipoti yake na mbegu ya shilingi elfu tano ili milango ya ubalozi ifunguke. Naamini katika maombi. Ninafunga na kuomba kwa ajili ya watu hawa. Lakini kama kilichokwama ni hesabu, na wewe mtumishi unajua au ungeweza kujua kwamba ni hesabu, ukamwambia dada kwamba ni roho ya kukataliwa ya ukoo wake, umemwibia mara mbili. Umechukua elfu tano, na umemfanya aanze kumshuku bibi yake aliyemlea. Mkaguzi wa fomu hana habari na bibi yake. Anaangalia kama namba ya chini ni kubwa kuliko namba ya juu.

Wapo pia wauzaji. Wanaweka matangazo kwamba wana wadhamini wa kukodi, lipa kiasi fulani upewe jina. Kimbia. Fomu ile inasainiwa chini ya adhabu ya kusema uongo kwa kiapo. Karatasi za mishahara za kughushi zikigunduliwa, anayebaki na jina chafu kwenye kompyuta za ubalozi ni yule mke, ambaye pengine hakujua lolote. Na anayekushauri ufunge ndoa ya karatasi na mtu mwingine mwenye kipato, jua kwamba sheria yao inatoa hadi miaka 5 jela na faini hadi dola 250,000.

Kwa hiyo, mchungaji, tufanye nini? Tukae tu, watu wa ndoa watengane?

Hapana. Huyo dada anateseka kweli, na sitaki mtu asome haya aende kumwambia ajitulize. Mtoto wao anamjua baba kama sauti. Mwanamke kijana anaishi kwa wakwe akihesabiwa kila hatua. Biblia inasema wasinyimane isipokuwa kwa muda, na miaka mitatu si muda mfupi. Nataka aende. Ndiyo sababu nimechoka kuona tunapoteza miezi tukimlaani nesi wa Minnesota wakati kuna njia hatujazigusa.

Njia ya kwanza ni nyumba ya mume mwenyewe. Kama anaishi na kaka yake au mzazi wake chini ya paa moja, kipato cha huyo kinaweza kuunganishwa na chake kwa fomu nyingine, I-864A. Naye pia anajifunga, asidanganywe, lakini angalau ni mtu anayeona kila siku namna mume anavyoamka kwenda kazini. Njia ya pili ni kuongeza kipato chenyewe. Kinachoangaliwa si ritani ya mwaka jana peke yake, kipato cha sasa kinahesabiwa, na kazi mpya yenye barua ya mwajiri na karatasi za mishahara imewatoa wengi.

Njia ya tatu wengi hapa hawaijui: mali. Kwa mke wa raia, mali inayohesabiwa inatakiwa iwe mara tatu ya pengo. Mume akionyesha dola 20,437 na kiwango ni 26,437, pengo ni 6,000. Mali ya 18,000 inaziba. Akiba benki inahesabiwa. Na mali ya mke mwenyewe inaweza kuhesabiwa, hata ikiwa huku, mradi iwe yake kwa karatasi, isiwe na deni linaloimeza, na iweze kugeuzwa pesa ndani ya mwaka mmoja na pesa hiyo itoke nchini. Ile ploti ya Makindu, kwa mfano. Lakini sasa tuulizane, watu wa Kitui na Makueni: ni shamba ngapi hapa bado ziko kwa jina la babu aliyekufa zamani? Hati haijagawanywa, mirathi haijafunguliwa, ndugu saba hawasemezani. Mnaomba milango ya Marekani ifunguke, na faili la babu limefungwa palepale mahakamani Makueni.

Njia zote zikishindikana, ndipo tutafute mdhamini. Naye awe raia au mwenye grini kadi, anayeishi kulekule, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Si lazima awe ndugu wa damu. Mjomba mwenye duka la vifaa vya ujenzi Sultan Hamud hawezi, hata awe na malori kumi. Mimi siwezi. (Kwa walio Uingereza, mambo yenu ni tofauti: tangu Aprili 2024 anayemleta mwenzi kwa mara ya kwanza anatakiwa kuonyesha pauni 29,000, na kwa kawaida ahadi ya mtu wa tatu haikubaliwi. Msimtafute mtu wa kumlaani, hayupo.)

Na anaombwaje? Mwangalie Yuda katika Mwanzo 43. Alijitoa kuwa dhamana ya Benyamini. Hakuna aliyemtolea unabii. Alijua gharama, aliitamka mbele ya baba yake mwenyewe kwa kinywa chake, na ilipofika sura ya 44 kikombe kilipoonekana, alisimama akataka kubaki mtumwa badala ya kijana. Paulo naye, kwa ajili ya Onesimo, aliandika kwa mkono wake kwamba atalipa. Dhamana ya kimungu ipo, ndugu zangu. Yesu mwenyewe anaitwa mdhamini wa agano katika Waebrania 7:22. Lakini katika hao wote, niambie ni nani aliyesukumwa na kikundi.

Basi ukienda kuomba, nenda na fomu nzima, si ukurasa wa sahihi. Nenda na ritani za mume. Mwambie madeni yake. Mwambie kama ana watoto kwa mwanamke mwingine, maana nao wanahesabiwa. Mke na mume mwombe pamoja, mkieleza mtafanya nini mwaka wa kwanza mkikosa kazi. Mpe muda aongee na mke wake, kwa sababu ni chakula cha watoto wake mnachoomba. Mwambie atafute wakili wake, si wa kwenu. Akisema hapana, mshukuru, funga fomu, na umwalike kwenye harusi ya ndugu yako kama kawaida.

Mume wa Texas amenipigia juzi. Ameanza kazi ya pili, ghala, usiku, na anarekebisha ritani za miaka miwili. Sikumwomba anieleze, aliongea mwenyewe, na alilia kidogo.

Na yule ndugu wa Minnesota? Nilimpigia kumwomba msamaha. Ndipo nikajua ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Anataka kumchukua mama yake, yule mjane wa Ikutha ambaye mmekuwa mkimpita pembeni. Figo zimeanza kumsumbua. Kila mtu unayemsainia anabaki kwenye hesabu ya nyumba yako. Yeye, mke, watoto watatu na mama ni watu 6. Kwa kipimo cha 2025 ni dola 53,937. Akimwongeza dada yetu ni watu 7, dola 60,812. Alikuwa amekaa na kalamu usiku kucha akijaribu kuwaingiza wote wawili, na hakuweza. Alimchagua mama yake. Hakutaka kutueleza, kwa sababu mama hajui kwamba figo ni mbaya kiasi hicho, na sisi kwenye kikundi hatuwezi kutunza siri. Ameniruhusu niseme sasa, maana mama ameambiwa wiki hii.

Wewe uliyeandika juu ya roho iliyokaushwa na baridi, unajijua. Sitakutaja. Namba yake unayo.

Jumamosi hii naenda Ikutha kwa huyo mama. Gari linatoka stendi ya Kibwezi saa kumi na mbili asubuhi, tutapita daraja la Athi, na jioni tutarudi. Nafasi ni kumi na nne, tano zimeshachukuliwa. Walio Mutomo na Kitui mjini wakutane nasi hukohuko saa nne. Tutaenda na unga, sukari na jerikeni za maji, maana kisima chao kimekauka. Na Jumatano baada ya maombi nitakaa kanisani na wenye fomu. Njoo na karatasi zako zote na kalkuleta. Pasipoti acha nyumbani.